Mafia yahitaji wakili kabla ya sahihi

Ukurasa huu umezoea kupima mali kwa bei. Nazi za Mafia hupimwa kwa bei ya Dar es Salaam, pweza wa Jibondo kwa kilo, mwani mkavu kwa kilo, na kiwanja cha ufukweni kwa eka. Iko bidhaa moja ambayo kisiwa hicho hakiizalishi na ni nadra kuinunua, ingawa bila hiyo bei ya bidhaa nyingine zote huwa mashakani. Bidhaa hiyo ni utaalamu wa mwanasheria wa makampuni.

Wanasheria wa aina hiyo wapo nchini, na wengine wamefanikiwa sana. Baadhi yao hukumbuka walikotoka na kurudisha sehemu ya walichopata kwa kujenga madarasa, kuchimba visima na kulipia karo. Jamii huwapongeza, na ni haki yao kupongezwa. Swali la kujiuliza ni kama zawadi hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote ambazo mtu wa taaluma hiyo anaweza kuzitoa.

Mfano wa Mkono

Mfano unaojulikana zaidi Tanzania ni wa marehemu Nimrod Mkono, aliyefariki dunia Aprili 2023. Mkono alikuwa wakili wa biashara kwa maana kamili ya neno hilo. Ofisi yake, Mkono & Co., ilishughulikia mabenki, mashirika ya umma na wawekezaji katika miaka ambayo nchi ilikuwa ikitoka kwenye uchumi wa dola na kuingia soko huria. Aliingia Bungeni mwaka 2000 kuwakilisha Musoma Vijijini, na kuanzia 2015 hadi 2020 aliwakilisha Butiama.

Huko Mara, jina lake limefungamana na shule za sekondari. Shule ya Oswald Mang'ombe ni mojawapo. Wazazi ambao watoto wao wangeishia darasa la saba waliona majengo yakisimama karibu na nyumbani. Huo ni urithi wa kweli, na hakuna haja ya kuubeza.

Hata hivyo, kazi ya Mkono iliyogusa mifuko ya watu wengi zaidi huenda haikuwa ya matofali. Ilikuwa kazi ya kusoma mkataba.

Mwaka 1995 Shirika la Umeme, TANESCO, liliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, ambayo ilitakiwa kujenga mtambo wa dizeli wa megawati 100 huko Tegeta. Mkataba ulitaja mashine zinazozunguka polepole. Kampuni ikaleta za mwendo wa kati, ambazo gharama yake ni ndogo, lakini bei ya mradi haikushuka. Mwaka 1998 TANESCO ililifikisha shauri kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, ikiwakilishwa na mawakili wa Marekani pamoja na ofisi ya Mkono. Mwaka 2001 baraza la usuluhishi lilipunguza gharama ya mradi iliyotumika kukokotoa malipo ya umeme kutoka takriban dola milioni 163 hadi takriban dola milioni 127.

Tofauti hiyo ilitokana na watu waliofungua karatasi, wakalinganisha kilichoandikwa na kilichofungwa kwenye zege, na wakajua mahali pa kwenda kudai. Ikumbukwe pia kwamba kazi hiyo ililipwa. Ada za ofisi ya Mkono kwa kazi za umma zilizungumzwa sana nchini, na mjadala huo ulikuwa halali.

Lakini somo la kibiashara linabaki palepale. Mkataba wa IPTL uliendelea kuisumbua nchi kwa miaka mingi baada ya ushindi ule wa 2001. Kuusoma mkataba baada ya kuutia sahihi ni ghali, hata kwa upande unaoshinda. Kuusoma kabla ya sahihi ni rahisi kiasi kwamba hata kijiji kingeweza kumudu, kama msomaji angepatikana.

Kisiwa kilichouzwa bila kuulizwa

Hapo ndipo suala la Mafia linapoingia. Kisiwa hicho kinaijua mikataba tangu zamani, ila kwa kawaida kimekuwa upande wa kitu kinachouzwa.

Hadi mwaka 1890 Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Tarehe 1 Julai ya mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi makubaliano ya kugawana maeneo, na Mafia ikawekwa upande wa Wajerumani pamoja na pwani ya bara. Sultani alilipwa fidia ya mark milioni 4 kwa pwani hiyo na kisiwa hicho. Wakulima wa minazi wa Kilindoni na wavuvi wa Chole hawakuulizwa, na hawakupata hata pesa moja.

Leo Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, yenye watu zaidi ya 66,000 kwa sensa ya 2022. Wananchi wake wana haki ambazo babu zao hawakuwa nazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kama mdhamini, na inaizuia kugawa ardhi hiyo bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwekezaji anapotaka eneo, ardhi huhamishwa kwanza kutoka ya kijiji kwenda ya jumla. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu una uwezo wa kukubali au kukataa. Na uhamisho hauwezi kukamilika kabla ya aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia kukubaliwa.

Kwa maandishi, hiyo ni nguvu kubwa. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo hutumika mara moja tu. Ardhi ikishahamia kwenye ardhi ya jumla, kijiji si msimamizi wake tena. Kilichosahaulika kwenye makubaliano siku ya mkutano huwa kimesahaulika kwa kipindi chote cha hati, na mwekezaji anaweza kupewa haki ya hadi miaka 99.

Mtu mmoja mezani

Upande wa mwekezaji huja na wakili. Hilo si kosa, ni busara ya biashara, na mwekezaji makini hawezi kuweka fedha zake kisiwani bila kufanya hivyo. Kasoro iko upande wa pili, ambako mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na wazee hukaa na karatasi ambayo pengine imeandikwa Kiingereza. Ni kweli kwamba tangu 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mkataba wa watu binafsi bado unaweza kuandikwa kwa lugha yoyote waliyokubaliana.

Mwanasheria wa makampuni akiichukua karatasi hiyo, haanzi na kiasi cha fidia kama wengi wanavyodhani. Ana maswali mengine anayoyajua kwa sababu kila siku huwaandikia wateja wake majibu yake.

Swali la kwanza ni malipo ya kila mwaka. Je, yanapanda, au yamefungwa kwa shilingi za leo kwa miaka yote? Shilingi ya mwaka 1995 si shilingi ya leo, na kila mfanyabiashara analijua hilo.

La pili ni mauzo ya hisa. Hoteli inaweza kubadili mmiliki bila hati ya ardhi kuguswa, kwa sababu kinachouzwa ni hisa za kampuni, pengine katika nchi nyingine. Kijiji kilichopewa ahadi na mtu wa kwanza kinaweza kuamka na kumkuta wa tatu. Kifungu kimoja kinachosema kwamba ahadi humfuata kila mmiliki mpya kinatosha kuziba tundu hilo.

La tatu ni muda wa kujenga. Kiwanja kinachokaa miaka 10 bila jiwe kinamfaidi anayesubiri bei ipande, wakati kijiji kimekosa ardhi na kimekosa ajira pia.

La nne ni njia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini mvuvi mwenye ngalawa na mama anayekwenda kuchokoa pweza wanahitaji kuufikia ufuko huo kwanza. Njia isiyochorwa kwenye ramani ya mkataba inaweza kufungwa kwa uzio na mlinzi.

La tano ni mahali pa kushtakiana. Mkataba ukisema mgogoro utasikilizwa na msuluhishi wa London, basi kijiji cha Mafia kimenyang'anywa mahakama bila kujua. Hata Mahakama Kuu ya hapa nchini iko ng'ambo ya bahari. Nauli ya boti hadi Nyamisati na gari hadi mjini ni mzigo tosha kwa mzee anayedai haki ya shamba lake.

Si ardhi peke yake

Wasomaji wa ukurasa huu wasidhani kwamba jambo hili linahusu hoteli tu. Jibondo imewahi kufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuzifungua kwa siku maalumu. Siku ya kufungua, mzigo huwa mkubwa na mnunuzi anakuwa na nguvu, maana pweza hasubiri jua. Makubaliano yaliyoandikwa mapema kuhusu bei, mizani, barafu na siku ya kulipa ni mkataba wa kibiashara kama mwingine wowote. Vivyo hivyo kwa mkulima wa mwani anayepewa kamba na mbegu kwa masharti ya kumuuzia mtu mmoja.

Papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni wamezaa biashara nyingine ya mikataba. Sehemu kubwa ya eneo wanakoonekana haimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyotangazwa mwaka 1995 kwa sheria ya mwaka 1994. Mwenye boti, muongozaji wa wageni na hoteli hugawana malipo ya mgeni mmoja kwa maelewano yao wenyewe. Maelewano ya mdomo humfaa zaidi yule mwenye fedha mkononi.

Mfano mwema upo kisiwani humohumo. Chole Mjini, nyumba ya wageni iliyoanzishwa miaka ya 1990 katika kisiwa kidogo cha Chole, ilikubaliana na wanakijiji kwamba sehemu ya malipo ya kila mgeni kwa kila usiku iingie kwenye maendeleo ya kijiji. Elimu na afya zilifaidika. Jambo la kuzingatia hapo ni utaratibu. Malipo yalifungwa kwenye idadi ya wageni, kwa hiyo biashara ikikua, kijiji nacho kinapata zaidi. Hicho ni kifungu ambacho wakili yeyote wa makampuni angeweza kukiandika kwa dakika chache.

Jirani wa Rufiji

Wapo watakaosema kwamba mawakili wa mjini hawawezi kubadili lolote vijijini. Wavuke mlango wa bahari waende Delta ya Rufiji, inayotazamana na Mafia.

Mwaka 1997 Serikali ilikubali mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba katika mabwawa ya takriban hekta 10,000 ndani ya delta hiyo. Mradi ulitajwa kuwa wa dola milioni 192. Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri usikubaliwe. Mikoko ya Rufiji ndiyo kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki mahali pamoja, na kamba wanaokulia humo ni riziki ya wavuvi wa pande zote mbili za maji.

Wanakijiji walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na chama cha mawakili wa mazingira, LEAT, kilichoanzishwa mwaka 1994 na wanasheria vijana wakiwemo Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu. Mabwawa hayo hayakuchimbwa. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za kimataifa ya Ramsar.

Hawa hawakuwa mawakili wa makampuni, na hawakujenga darasa hata moja. Walipeleka taaluma yao mahali ilipohitajika. Tofauti ni kwamba wao walifika wakati mambo yameshaharibika, na ikabidi wapigane mahakamani. Wakili wa makampuni ana nafasi ya kufika mapema zaidi, wakati karatasi bado ni rasimu na pande zote bado zinacheka pamoja.

Hoja za mawakili

Mawakili wenyewe wana hoja zao, na hazipaswi kupuuzwa.

Ya kwanza ni mgongano wa maslahi. Wakili anayemtetea mwekezaji hawezi kukishauri kijiji katika mpango uleule. Ni kweli kabisa. Lakini Dar es Salaam haina ofisi moja tu ya mawakili. Ofisi inayomwakilisha mwenye hoteli Utende inaweza kukisaidia kijiji cha upande mwingine wa kisiwa, na mshindani wake akachukua Utende.

Ya pili ni muda. Katika kazi hiyo saa ni fedha. Chama cha mawakili cha Marekani, nchi ambako saa ya wakili ni ghali kupita kiasi, kinawahimiza wanachama wake kutoa angalau saa 50 kwa mwaka bila malipo. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku sita na kidogo. Ofisi yenye mawakili 10 ikifanya hivyo inapata siku zaidi ya 60 kwa mwaka, ambazo zinatosha kusoma mikataba ya vijiji vingi.

Ya tatu ni kwamba kazi hiyo ni ya Serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na mwaka 2023 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya msaada wa kisheria inayobeba jina la Rais Samia. Juhudi hizo zinastahili sifa. Lakini msaidizi wa kisheria hukabiliwa zaidi na mirathi, matunzo ya watoto na ugomvi wa mipaka. Kumtaka ashindane na ofisi kubwa ya mjini juu ya kifungu cha uhamisho wa hisa ni kumuonea.

Wengine watataja sheria ya 2017 inayoliruhusu Bunge kupitia masharti kandamizi katika mikataba ya maliasili. Sheria hiyo ililenga mikataba ya Serikali. Makubaliano ya kijiji na mwenye hoteli ya vyumba 12 hayana njia ya kulifikia Bunge.

Kinachowezekana

Hatua za kuanzia si kubwa. Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichopo tangu 1954, kinaweza kuandaa orodha ya ofisi zilizo tayari kusoma mikataba ya vijiji, ili halmashauri ya wilaya ijue ipige simu wapi. Ofisi hizo zinaweza kuandika mkataba mmoja wa mfano kwa Kiswahili, wenye vifungu vya malipo yanayopanda, uhamisho wa hisa, muda wa kujenga, njia ya ufukweni na mahali pa kusuluhishana. Msaidizi wa kisheria wa kata awe msomaji wa kwanza, na wakili wa mjini awe wa pili, hata kwa simu.

Kijiji nacho kina wajibu. Mkutano Mkuu ukatae kupitisha muhtasari wa kikao siku ileile karatasi ilipoletwa. Siku 30 za kusoma hazimfukuzi mwekezaji wa kweli, aliyekuja kukaa miaka 30.

Wawekezaji pia watafaidika. Mkataba uliosomwa na pande zote mbili haubadilishwi kila mwenyekiti mpya anapochaguliwa, na benki huuamini. Ugomvi wa ardhi na majirani ni hasara isiyooneshwa kwenye hesabu za mwaka, lakini kila meneja wa hoteli ya pwani anaijua.

Mkono aliacha shule Mara, na kizazi kitasoma humo. Wanaofuata nyayo zake mjini hawana ulazima wa kuacha kujenga. Wanachoombwa na Mafia ni nyongeza ndogo isiyo na jiwe la msingi wala utepe wa kukata: siku sita kwa mwaka na kalamu nyekundu, kabla mwenyekiti wa kijiji hajaweka sahihi.